Mate si mate ya mdomoni: maneno nilowaambia watu wa Lamu kuhusu kompyuta zao za zamani

Haya ndo maneno niloyatoa Jumamosi baada ya laasiri, ukumbini, hatua chache kutoka Mkunguni. Kuna walonambia walikwama Shela na Matondoni manake bahari ilikuwa imechafuka, basi nimekaa nikayaandika kama nilivoyasema, nimetoa tu zile pahala projekta ilipozima tukawa twangoja stima.

Asalaam aleikum wazee wangu, mama zangu, maalim, na nyinyi vijana mlojibanza nyuma karibu na mlango mpate kutoroka, nawaona.

Ntaanza na jina, manake nikilificha mtakuja kucheka wakati mbaya. Kitu nilokuja kuwaonesha leo chaitwa MATE. Haya chekeni. Chekeni mmalize kabisa. Mwanangu mdogo aliposikia nasema simuni "natumia Mate" akaniletea kitambaa.

Sasa sikilizeni, mate hayo si ya mdomoni, ni majani. Kule Amerika Kusini, Argentina na Uruguay na Paraguay, kuna mti majani yake yakaushwa yakasagwa, watu watia kwenye kibuyu kidogo, wamimina maji ya moto, wanyonya kwa mrija wa chuma, na kibuyu ni hicho hicho kimoja chazunguka, wewe ukimaliza wampa mwenzio. Sasa hiyo na kahawa chungu ya barazani, dele liko juu ya makaa na vikombe vyatoka mkono huu vyaenda mkono ule, tofauti yake nini? Aloanzisha hii kitu ni mtu wa Argentina, akaipa jina la kinywaji cha kwao. Kama angekuwa mtu wa Lamu ingeitwa Tangawizi tungekuwa hatucheki.

Hiyo Mate yenyewe ni nini? Ntawaeleza kwa lugha ya boti manake hapa kila mtu ashawahi kupanda boti. Kompyuta yako ina injini, hiyo huioni, iko chini yavuma tu. Injini yetu sisi leo ni Linux, ilianzwa na kijana wa Finland, Linus Torvalds, mwaka 1991. Kisha kuna boti yenyewe, mtu amechukua injini akaiundia mbao na tangi na kila kitu, hiyo ndo mwasikia Debian, Ubuntu, Linux Mint, maboti tofauti injini moja. Kisha kuna pale unapokaa wewe nahodha: usukani uko wapi, kamba umeifunga wapi, taa waiwasha kwa mkono gani. Hapo ndo Mate. Menyu, ule mstari wa chini wenye saa, madirisha, folda, picha ya nyuma, vyote hivyo ndo mahali pa nahodha. Wataalamu waita dekstopu.

Na nahodha mzuri, nyinyi mwajua kuliko mimi, usiku wa giza haangalii kamba. Mkono waenda wenyewe. Hilo neno lishikeni, mkono kwenda wenyewe, ntalirudia mpaka mchoke.

Mimi kabla sijaanza shughuli zangu nilikaa miaka kadhaa kwenye saiba moja hapa mjini, siitaji. Kulikuwa na mzee akija kila wiki mbili kuandika barua zake, alikuwa amejifundisha kwa taabu, amehesabu kabisa: bonyeza hapa, kisha hapa, ya tatu kutoka juu. Siku moja tukaja asubuhi tukakuta mashini zimejifanyia apdeti usiku, menyu imehama, ikoni zimegeuka, kile kitufe chake hakipo. Mzee akakaa pale kama nusu saa hasemi kitu. Mwisho akanambia "mwanangu, mumenihamisha nyumba bila kunambia." Akalipa nusu saa yake akaenda zake, na hakurudi tena kuandika mwenyewe, akawa anatuandikisha sisi. Mpaka leo nikikumbuka naona haya, na makosa hayakuwa yangu.

Basi kisa cha Mate ni kisa hicho hicho cha yule mzee, ila mzee wa safari hii alikataa kutoka nyumbani.

Ilikuwa hivi. Mwaka 1997 vijana wawili wa Mexico, Miguel de Icaza na Federico Mena, walianzisha dekstopu waloita GNOME. Nia yao ilikuwa mtu wa kawaida apate pahala pa kukaa kwenye Linux bila kununua ruhusa kwa mtu yeyote. Mwaka 2002 ikatoka GNOME 2, na hiyo ndo iloshika watu. Juu mstari mmoja una menyu tatu: programu zako, pahala pako, na mipangilio ya mashini. Chini mstari mwengine waonesha madirisha uliyofungua. Basi. Haikuwa na mbwembwe. Watu wakaikalia karibu miaka tisa, maofisi, mashule, mavyuo, mkono ushajua kwenda wenyewe.

Aprili 2011 ikatoka GNOME 3, na nyumba ikavunjwa yote. Ile menyu haipo, mstari wa chini haupo, kile kitufe cha kushusha dirisha hakipo, ukitaka programu waenda kona moja skrini yote inageuka. Sisemi ni mbaya. Kuna watu waipenda, mpwa wangu aitumia na hasikii la mtu. Ila ilikuwa nyumba nyingine, na watu hawakuulizwa. Kelele zilikuwa nyingi mpaka Torvalds mwenyewe, yule wa injini, mwaka huo huo alilalamika hadharani akahamia dekstopu nyingine yaitwa Xfce. Baadae alirudi GNOME, nasema msije mkanambia nimewaficha.

Hapo ndo akatokea huyu mtu wa Argentina. Ajulikana kwa jina lake la mtandaoni tu, Perberos. Na alofanya ni jambo dogo kulisema na kubwa kulifanya: alichukua GNOME 2 yote, ile ya zamani ambayo wenyewe washaiwacha, akasema mimi ntaendelea nayo. Agosti 2011 akatoa toleo la kwanza la MATE.

Sasa mtauliza, aliiba? La. Na hapa nataka tukae kidogo manake watu wengi wasikia programu za bure wadhani bure ni bei. Bei ni jambo la mwisho. Hizi ni programu huria, kuna Mmarekani aitwa Richard Stallman alianza hii harakati mwaka 1983, na leseni zake zakupa ruhusa nne: uitumie kwa kazi yoyote unayotaka, uifungue uone imeundwa vipi, umgaie mwenzio, na uibadilishe kisha umgaie mwenzio ulichobadilisha. Kwa hivyo siku wenye nyumba wakiamua kuvunja, wewe una haki ya kubaki na ramani na mbao na misumari. Mwenye nyumba hawezi kukwambia toka. Ni haki kwenye karatasi, si hisani. Ndo maana nawaambia hata kama kesho mutapata hela za kununua programu za kulipia, hili bado lina thamani yake.

Kazi yenyewe lakini haikuwa kukalia tu vya zamani. Nendeni Matondoni mkaangalie mafundi. Jahazi likizeeka hawalitupi. Lapandishwa pwani, waangalia ubao upi umeoza, wautoa, watia mwengine, wafanya kalafati upya, mwaka mwengine wabadilisha taruma, mwaka mwengine mlingoti. Baada ya miaka ishirini ukimuuliza mwenyewe "ni jahazi lile lile?" akuangalia kama una wazimu, bila shaka ni lile lile, babangu alilipanda. Na Mate imefanywa hivyo hivyo. Chini yake kulikuwa na mbao zaitwa GTK 2, ndo zachora vitufe na menyu, na mbao hizo zilikuwa zaelekea kuoza manake dunia ilishaenda GTK 3. Basi wakawa wabadilisha ubao mmoja mmoja, toleo kwa toleo, watu wako ndani wasafiri, mpaka Machi 2017 toleo la 1.18 likatoka lote GTK 3, na alokaa ndani hakuona kitu chochote kimehama. Mimi nilikuwa ndani. Nilisoma habari ndo nikajua.

(Mzee mmoja hapa aliuliza kama hao mafundi walipwa. Wengi wao la, wafanya kwa kujitolea, na kuna michango ya watu. Akasema basi hao ni watu wa Riyadha, msikiti wetu hapa Lamu, watu wakacheka.)

Tuingie ndani sasa. Hii skrini hapa ndo Mate.

Jambo la kwanza ni majina, manake walipohama iliwabidi wabadilishe majina ya programu zote ili ya zamani na mpya zisigongane ndani ya mashini moja, na wakachagua Kihispania. Hii ya kufungulia mafolda yaitwa Caja, wasoma "kaha". Maana yake sanduku. Sasa nyinyi watu wa Lamu niambieni: Vasco da Gama alitia nanga Malindi mwaka 1498, Wareno wakakaa pwani hii mpaka Fort Jesus ilipoanguka 1698, na walipoenda wakatuachia maneno, meza, leso, bandera, na kasha. Kasha ni caixa ya Kireno, na caixa ni ndugu wa toka nitoke na hiyo Caja ya Kihispania. Yani hiyo programu, ukiisema kwa lugha ya nyumbani kwako, yaitwa Kasha. Ile ile ya bibi, yenye misumari ya shaba. Mimi tangu nijue hivyo huwaambia wanafunzi "fungua kasha" na hakuna alowahi kuniuliza mara mbili.

Kuna Pluma, maana yake unyoya, ule wa kuandikia zamani, hiyo ni ya kuandika maandishi matupu. Kuna Engrampa, stepla, yabana mafaili mengi yakawa moja. Marco ni fremu, hiyo huioni ila ndo yashika madirisha yasianguke. Na kuna hii naipenda, Atril, ndo yafungua PDF. Atril ni kile kisimamio cha kuwekea kitabu ukisoma. Maalim hapo mbele ashatabasamu manake ashajua: marfaa. Marfaa ya msahafu. Sasa PDF yako yakaa juu ya marfaa, hiyo kompyuta gani nyingine itakupa?

Paneli, yani ile mistari. Hii ya juu na hii ya chini. Bonyeza mausi upande wa kulia pahala penye nafasi, yakuuliza wataka kuongeza nini: saa, hali ya hewa, kitufe cha kuzimia, programu unayoitumia kila siku. Ukishaiweka waifunga pale pale na haihami. Haijipangi upya ati kwa sababu jana ulifungua kitu fulani mara nyingi. Haikuletei tangazo. Haikupendekezei. Wallahi hiyo pekee yanitosha.

Na kama umezoea Windows, usiogope. Ukitumia Ubuntu MATE kuna kitu chaitwa MATE Tweak, wachagua sura unayotaka kwa mara moja. Ukichagua Redmond, menyu yaenda chini kushoto kama uliyozoea. Ukichagua Cupertino inakuwa kama ya Apple. Hayo ni majina ya miji yenye makao ya hao wakubwa wawili, ni mzaha wao hao mafundi. Mint wenyewe washakuwekea menyu chini tangu mwanzo.

Kuna hivi vijumba vinne hapa kona, watu wengi huviona miaka mitatu wasivibonyeze. Hizo ni skrini nne ndani ya skrini moja. Nyumba ya Kiamu, mgeni wamketisha dakani, humwingizi ndani kwenye vyombo vyako. Basi fanya hivyo hivyo: chumba cha kwanza kazi ya mteja, cha pili barua zako, cha tatu mpira. Mteja akija wabonyeza Ctrl na Alt na mshale, uko dakani. Vijana nyuma naona hapo mmeamka.

Kwenye Kasha, nasema Caja, bonyeza F3, folda inagawanyika mbili, huku flashi ya mteja, huku kompyuta, wavuta tu kutoka huku kwenda huku. Mwenye saiba yoyote hapa hilo litamuokolea saa nzima kwa siku. Na jengine dogo: ukipaka maneno kwa mausi, kisha ukaenda pahala pengine ukabonyeza lile gurudumu la kati, maneno yanatua pale. Hakuna kukopi hakuna kupesti. Ukizoea hilo, kompyuta ya mtu mwengine itakuudhi.

Hili lafuata ni la maalim. Kuna bwana mmoja mtu mzima, ana tenzi za babake zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, Kiswahili chetu kwa herufi za Kiarabu, makaratasi yaliwa na mchwa. Alitaka kuyachapa. Tukamuwekea Mate, tukaongeza kibodi mbili, ya Kiarabu na ya Kiswahili cha Kenya, ndio ipo, imo mle kwenye orodha, na paneli ikaweka kialama kidogo kimwoneshe yuko kibodi gani. Abonyeza, akageuza, aandika kutoka kulia kwenda kushoto ndani ya LibreOffice, programu ya kuandikia barua na mengineyo. Zile herufi za "p" na "ch" na "g" zilitusumbua, hazimo kwenye Kiarabu cha kawaida, ikabidi tuziongeze kwa mkono. Kazi yaenda polepole. Lakini yule bwana kioo chake cha kompyuta ni kile kile kila asubuhi, na kwa umri wake hilo ndo lamfanya arudi kukaa.

Haya, kwa nini leo na si mwaka jana? Manake tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walifunga msaada wa kawaida wa Windows 10, na Windows 11 yataka kijidude cha usalama chaitwa TPM 2.0 na prosesa mpya mpya, na laptopu nyingi zilizoko Lamu, nyingi ni zile zilitumika Ulaya zikaletwa Mombasa zikapanda basi mpaka Mokowe kisha boti, hizo hazina. Mtu aambiwa mashini yako ishakufa na mashini yawaka, yafanya kazi, kosa lake ni mwaka wa kuzaliwa. Nimeona mtu auza laptopu nzima kwa bei ya chaja.

Linux Mint wao wasema kwa uchache RAM, yani kumbukumbu ya kufanyia kazi, GB 2, na ukitaka raha GB 4, diski GB 20 hivi ndo uanze. Laptopu ya miaka kumi na mbili ina hiyo. Na Mate ni nyepesi, haina mapambo mengi ya kuchosha mashini. Mint yenyewe imeanza kuiweka Mate tangu toleo la 12, Novemba 2011, miezi mitatu tu baada ya Mate kutoka, na Ubuntu MATE imekuwa mtoto rasmi wa Ubuntu tangu Aprili 2015. Na Ubuntu, kwa wasojua, ni neno la ndugu zetu Wabantu wa kusini, ni utu. Utu huu huu.

Sasa ubaya wake. Msije mkarudi kwangu na mapanga.

Photoshop haimo. Kuna GIMP, ni nzuri, lakini kama wewe ni mtu wa mabango ya harusi na mkono wako umezoea Photoshop, utateseka miezi miwili, na mimi nimeshasema kuhusu mikono na mazoea, kwa hivyo siwezi kukudanganya hapo. Microsoft Office haimo, kuna LibreOffice, yafungua docx na yahifadhi docx, lakini barua yenye mapambo mengi majedwali yanaweza kusogea, iangalie kabla hujatuma. Na zile fomu za Excel zenye makro ndani, yani amri za kujiendesha zenyewe, nyingine zinagoma kabisa, kwa hizo weka laptopu moja ya Windows kwenye kona ya duka, si dhambi. Printa nyingi za HP zaingia zenyewe, kuna printa nyingine za bei rahisi zitakutoa jasho. Na waifai ya laptopu nyingine yataka draiva ya ziada, yani programu ya kuiendesha, na draiva yapatikana kwa intaneti, na intaneti huna sababu waifai haifanyi kazi, hapo ndo wachukua simu, waichomeka kwa waya, wagawa bando kutoka simuni mpaka umalize. Kila fundi wa Linux duniani ashapita hapo.

Kiswahili pia. Mwaka 2004 wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitafsiri OpenOffice nzima, wakaiita Jambo OpenOffice, kazi ya heshima. Tangu hapo sisi tumelala. Ndani ya Mate maneno mengi bado utayakuta Kiingereza, na mlango uko wazi, mtu yeyote aweza kujiandikisha kwenye Transifex, tovuti ya kutafsiria programu, akatafsiri neno moja moja. Tuko mji wa washairi huu, mtu atunga beti mia kwa harusi ya jirani, hatuwezi kumpatia "minimize" neno lake? Mimi nimependekeza "shusha" na mtu mmoja ashanipinga asema "kunja". Tubishane, ndo raha yenyewe.

Kujaribu. Hili ndo nataka mlielewe vizuri manake ndo lawatia watu hofu: huhitaji kufuta kitu. Wapakua faili lenye mfumo wote na Mate yake, karibu GB 3, kwa bando za huku najua ni pesa, ndo maana nimeleta mimi. Faili hilo laandikwa kwenye flashi kwa programu kama Ventoy au balenaEtcher, flashi ya GB 8 yatosha, na angalia hiyo flashi yafutika yote kwa hivyo usitumie ile ya picha za harusi. Wazima laptopu, wachomeka flashi, wawasha huku wapiga F12, nyingine ni Esc, nyingine F9, kila kampuni na kiburi chake. Wachagua flashi. Mate inafunguka kutoka kwenye flashi, diski yako haijaguswa. Bonyeza, fungua, angalia waifai, angalia sauti, angalia printa. Itakuwa nzito kidogo manake yasoma kutoka kwenye flashi, usiihukumu kwa hilo. Ukimaliza wazima, watoa flashi, wawasha, Windows yako iko pale pale kama hakuna kilichotokea.

Ukipenda ndo waingiza ndani. Na kabla ya kuingiza, kopi vitu vyako pahala pengine. Kopi. Nasema mara ya tatu, kopi. Kuna mtu, ni jamaa yangu, nilimuingizia mwenyewe usiku, stima ikakatika katikati na betri yake ilikuwa ya mapambo tu, na mimi nilikuwa nimejiamini sikukopi. Picha za babake zikaenda. Bado tunasalimiana lakini si kama zamani. Kwa hivyo mkija kwangu na laptopu, swali langu la kwanza si RAM ngapi, ni betri yakaa dakika ngapi, na picha ziko wapi.

Kulikuwa na maswali, nitaweka mawili.

Mzee mmoja wa mbele: "Na huyo wa Argentina akichoka?" Nikamwambia, mzee wangu, ashapumzika zamani, wengine wameshika. Toleo la 1.28 limetoka Februari 2024, matoleo hayatoki haraka, wakati mwengine miaka miwili yapita kimya watu wasema imekufa. Haijafa, ni mafundi wachache na jahazi ni kubwa. Akasema "afadhali wachache wasobomoa."

Na mama mmoja alokuwa na mtoto mapajani: "Mimi sijui kompyuta kabisa, hata hiyo Windows. Nianze na hii ama nianze na ile ya watu?" Nikafikiri kidogo kabla ya kujibu, manake kazini watamuuliza ile ya watu. Nikamwambia mama, utakachojifunza hapa, folda ni nini, kuhifadhi ni nini, dirisha ni nini, kitakufaa kote. Tofauti ni moja, hapa ukijifunza leo kitufe kiko kushoto, mtoto huyo akifika darasa la nane utakikuta kushoto. Akanambia basi nioneshe hicho cha kushoto.

Nimeleta laptopu mbili na flashi tano. Wenye saiba chukueni moja moja mkaandike nyengine huko huko, ni ruhusa, nishawaambia. Zilobaki ni za kuazima mpaka Jumamosi ijayo, andikeni jina kwenye lile daftari. Mama huyu aanze yeye, na vijana wa mlangoni njooni mshike waya huu kabla maghribi haijaingia.